Mawifi wa Laini ya Nadrala

Salanieta Vuniwaqa alimleta Ulamila nyumbani yeye mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha. Ulamila alikuwa injinia mpya katika ofisi yetu ya umeme hapa Labasa, ametoka kisiwa cha Taveuni, mjini hana ndugu. Jumapili ya kwanza Salanieta akamwambia asikae kula mkate peke yake chumbani, aje kanisani, kisha wakale samaki wa tui na magimbi ya dalo kwa Mama. Mezani alikuwepo Apenisa, mdogo wake Salanieta, ambaye kwa kawaida akishiba huenda kulala. Siku hiyo hakulala. Aliosha vyombo. Mama yao, Bi Laisani, alimtazama mwanawe akisugua sufuria, akamtazama mgeni, akaguna.

Mwaka haukuisha Apenisa akamwoa Ulamila, na Salanieta na Ulamila wakawa mawifi.

Kwetu mawifi hutaniana, na hao wawili walikuwa wanatuchekesha ofisi nzima. Ulamila akiingia asubuhi na gauni jipya, Salanieta anamwuliza, "Wifi, hilo umelivaa au umejifunika tu?"

"Nimelivaa. Ungekuwa na kiuno ungeona tofauti."

"Kiuno ninacho. Nilimbeba mumeo kiunoni alipokuwa bado anajikojolea."

"Ndiyo maana kimeisha."

Tulikuwa tunacheka, nao wanacheka. Kwa hiyo ilichukua muda kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba Salanieta alikuwa ameacha kucheka kwa moyo.

Ilianzia nyumbani. Baada ya harusi Bi Laisani alikusanya mikeka yake na Biblia yake, akahama kutoka kwa Salanieta, akaenda kuishi kwa Apenisa na mkewe. Sababu aliyoitoa ni kwamba nyumba ya Apenisa ina veranda. Salanieta hakubisha. Alibeba mizigo mwenyewe, akarudi kwenye nyumba aliyoishi na mama yake tangu baba alipofariki, akapika chai ya watu wawili kwa mazoea, akaimwaga nusu. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, hajaolewa, na mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa kama mtoto wake. Sasa akienda kuwasalimu anakuta Mama amelaza miguu mapajani mwa Ulamila anakandwa, naye anakaribishwa kiti kama mgeni.

"Mkono wa huyu mtoto," Bi Laisani akasema siku moja, macho ameyafumba, "sijapata kuuona."

Salanieta alikuwa amemkanda mama yake miguu hiyo hiyo kwa miaka. Akanywa maji, akaaga.

Kisha likaja la kazini, na hilo ndilo lililomwingia hasa.

Kazi yao ilikuwa kuamua nani akatike kwanza. Umeme ukitoka kituoni hupita kwenye laini kubwa, halafu hugawanyika matawi kwenda vijijini, na kila tawi lina fyuzi yake. Kwenye laini kubwa, juu ya nguzo, kuna swichi inayojikata na kujirudisha yenyewe. Mafundi wanaiita rikloza. Popo akigusa nyaya mbili kwa mabawa, swichi inakata, inangoja kidogo, inarudisha. Popo ameshaanguka chini, umeme umerudi, na watu wameona taa zikipepesa tu. Lakini kama mti umelala kwenye waya, kurudisha hakusaidii. Hapo fyuzi ya tawi lile inatakiwa iungue, tawi moja likae bila umeme na wengine waendelee na maisha yao. Swichi na fyuzi zisipopangiwa zamu vizuri, bonde zima linateseka kwa sababu ya popo mmoja. Salanieta ndiye aliyezipangia zamu hizo laini zote za upande wetu. Kimbunga kikipita, ni yeye aliyekuwa anaulizwa.

Ulamila, aliyesomea Brisbane, aliijenga laini ya bonde la Nadrala upya ndani ya kompyuta. Siyo picha. Aliweka kila nguzo, kila fyuzi, na akili yenyewe ya ile rikloza, namna inavyohesabu na inavyosubiri. Ukitaka, unaangusha popo mahali popote kwenye laini hiyo ya kompyuta na kuona nani anakata kwanza. Akaangusha popo siku nzima. Jioni akagundua kwamba fyuzi za Nadrala zinaungua kabla swichi haijapata nafasi, na ndiyo maana mafundi wanapanda gari kwenda bondeni kila baada ya popo. Akapendekeza swichi ikate mara mbili haraka, iwahi kuliko fyuzi. Tatizo likiendelea, ndipo ikate polepole na kuiachia fyuzi kazi yake.

Mkuu wetu, Bwana Hemant Lal, aliita kikao kuangalia hiyo modeli. Aliinama karibu na skrini hadi miwani ikateleza.

"Miaka yote hii tunapeleka gari," akasema. "Mipangilio ya sasa nani aliiweka?"

Alijua. Kila mtu alijua.

"Mimi," Salanieta akajibu.

"Basi imetutunza vizuri. Sasa ipumzike." Akacheka, wengine wakacheka, bila ubaya wowote. "Wewe, Salanieta, pitia modeli hii, ikague, utie sahihi. Bila sahihi yako sitaigusa swichi."

Alikaa na modeli ile siku mbili. Angekuwa anakagua kazi ya mtu mwingine angetafuta kama ni salama. Hii aliikagua kama mtu anayepekua mkoba wa mke mwenza. Kila alipokuta jambo limepangwa vizuri, kifua kilimbana. Fyuzi ya tawi la zahanati, sawa. Umbali wa nyaya, sawa. Kulikuwa na sehemu Ulamila alifanya kwa mistari michache jambo ambalo yeye alikuwa analizungukia kwa hesabu za kurasa, na alilisoma mara tatu akitamani liwe kosa.

Siku ya pili kabla ya chakula cha mchana akaliona alilokuwa analitafuta.

Lilikuwa jambo la kawaida sana, la mtu aliyewahi kusimama chini ya nguzo umeme ukirudishwa baada ya kimbunga. Umeme ukikatika kwa dakika chache, ukirudi hakuna kinachobadilika. Lakini ukikatika kutwa nzima, kila friji inakuwa imepata joto, kila tangi la maji limekauka, na ukirudi, friji zote na pampu zote za bondeni zinataka kuwaka kwa mpigo mmoja. Umeme unaovutwa wakati huo ni mwingi mno. Swichi iliyowekewa kukata haraka itadhani ni shoti. Itakata, itarudisha, itakata tena, hadi ijifunge isirudishe tena yenyewe. Katika modeli ya Ulamila, watu wa Nadrala walikuwa wanatumia umeme kiasi kile kile saa zote, kama watu wa kuchorwa.

Dawa yake haikuwa kubwa. Ni kuiambia swichi kwamba baada ya kukatika kwa muda mrefu, ule ukali wa kukata haraka ukae kando kwanza. Maelezo ya dakika tano. Salanieta alinyanyuka kabisa kwenye kiti aende kumwambia.

Mlango ukafunguliwa, Ulamila akaingia na chai na maandazi kwenye sahani.

"Ametengeneza Mama," akasema. "Kaniambia nikupe makubwa, eti umekonda. Nikamwambia yule hajakonda, amenuna."

Maandazi yale Bi Laisani alikuwa anayatengeneza Jumamosi tu, enzi akiishi kwa Salanieta. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Siku hizi anatengeneza katikati ya wiki?"

"Kila siku nikitaka. Anasema anajizoeza kumpikia mume mtarajiwa wa wifi yangu, ila hajamwona bado." Ulamila akacheka, akaketi kwenye ukingo wa meza. "Haya, wifi, niambie kweli. Umeona chochote?"

Salanieta akachukua andazi, akalitazama.

"Hamna. Ni safi," akasema, na akatia sahihi mbele yake.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda kama Ulamila alivyosema. Popo waligusa nyaya, taa za Nadrala zikapepesa, zikaendelea kuwaka. Poasa, kiongozi wa mafundi wa laini, alianza kukutwa amekaa kivulini mchana akisema hana kazi, Ulamila amemfukuza kazi kwa kompyuta. Kanisani mchungaji aliomba wenye ujuzi wabarikiwe, na Bi Laisani akageuka kuwatazama watu wa benchi la nyuma ili wajue anayeombewa ni nani. Halafu Bwana Hemant akatangaza kwamba kwenye mkutano wa mainjinia wa visiwani, Suva, atakayekwenda kueleza habari za Nadrala ni Ulamila.

Salanieta alimpongeza. Akamtania kwamba akifika Suva asiende akapotea kwenye lifti. Usiku huo, ndugu yake akimsimulia kwa simu jinsi mkewe anavyojizoeza hotuba mbele ya kioo, alisema ana kichwa kinamwuma na akakata simu. Kichwa hakikuwa kinamwuma. Alikuwa anaiona Nadrala ile ya kwenye kompyuta, watu wake wa kuchorwa na friji zao zisizopata joto, na alikuwa anangoja. Hakujiambia hivyo kwa maneno. Lakini kila alipoona tangazo la kukata umeme kwa matengenezo alilisoma lote.

Ikaja Jumamosi ya kubadilisha nguzo kabla ya msimu wa vimbunga. Laini ya Nadrala ilizimwa tangu asubuhi hadi alasiri. Siku hiyo hiyo akina mama wa kanisa walikuwa na kusanyiko lao Nadrala, kijiji alikozaliwa Bi Laisani, na Salanieta ndiye aliyempeleka. Ulamila alikuwa kazini barabarani na mafundi, akisimamia.

Wanawake walikaa kwenye mikeka ndani ya ukumbi, joto limewashika, feni zimesimama. Nyuma kulikuwa na majokofu mawili ya samaki wa chakula cha jioni.

"Umeme utarudi saa tisa," Bi Laisani aliwatangazia. "Mkwe wangu ndiye anayerudisha. Yeye mwenyewe."

Saa tisa feni zikazunguka. Wanawake wakapiga makofi. Feni zikasimama. Zikazunguka tena kidogo, zikasimama. Kisha kimya.

"Bi Laisani," mmoja akasema kutoka pembeni, "mwambie mkwe wako aache kuchezea swichi, hii siyo disko."

Walicheka wote. Salanieta alimwangalia mama yake usoni, akaona aibu imempanda, na kwa muda mfupi sana alihisi utamu, kama mtu aliyekuna mahali palipomwasha siku nyingi. Ulikuwa muda mfupi kweli. Kwa sababu Bi Laisani aliweka kikombe chini, akajinyoosha.

"Cheka," akasema. "Mwanangu yuko juani na wanaume tangu alfajiri ili wewe ule samaki wa baridi. Wako yuko wapi? Kalala."

Mwanangu. Hata mkwe hakusema. Salanieta alikuwa amekaa palepale, bega kwa bega na mama yake, injinia wa umeme mwenye miaka mingi kuliko yule, na katika kushindwa kwake kote Ulamila bado ndiye aliyetetewa.

Wakajaribu kurudisha tena. Ikakataa tena. Saa kumi ikapita. Muuguzi wa zahanati akaja mlangoni na kisanduku cha chanjo kifuani, akauliza kama kuna mwenye barafu iliyobaki, na wanawake wakaacha kucheka. Wakafungua jokofu, wakampa waliyokuwa nayo.

Simu ya Salanieta ikalia. Aliona jina, akaigeuza kifudifudi mkekani.

"Si unaitwa?" mama yake akamwambia.

Akapokea. Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili, na Ulamila alikuwa anahema.

"Wifi, nimepita laini yote kwa mguu na Poasa. Hakuna mti, hakuna kuti, hakuna hata nzi. Nikirudisha, inakata. Nimekosea wapi?"

Salanieta alikuwa amelisubiri swali hilo kwa miezi. Alidhani siku atakapolisikia litamshibisha. Sasa alilisikia, na sauti iliyokuwa inauliza ilikuwa ya mtu aliyekaribia kulia, mbele yake muuguzi anapanga vipande vya barafu pembeni mwa chupa za chanjo za watoto.

"Nakuja," akasema.

Aliendesha hadi kwenye nguzo, karibu na shamba la miwa. Ulamila alikuwa amesimama mbele ya kile kisanduku cha kuongozea swichi, kofia ngumu imemshuka hadi kwenye nyusi, shati limelowa. Mafundi walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wamechoka.

Salanieta hakusalimia. "Zima ile ya haraka. Mara zote mbili. Acha ya polepole tu, halafu rudisha."

"Kwa nini?"

"Friji za bonde zima zina njaa tangu asubuhi. Swichi inadhani ni shoti. Zikishapoa utairudisha kama ilivyokuwa."

Ulamila alimtazama. Akageuka, akabonyeza, akarudisha. Walisikia ule mlio mzito juu ya nguzo, na wote wakangoja. Haikukata. Kutoka bondeni ikasikika pampu ya maji ikianza kunguruma.

"Bibi mkubwa ameongea," Poasa akasema, akajilaza kwenye nyasi. "Ulikuwa wapi tangu saa tisa, mama? Miguu yangu imekwisha."

Ulamila hakucheka. Alikuwa ameushika mlango wa kisanduku, anafikiri, na Salanieta aliweza kumwona akifikiri, hatua kwa hatua, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyomfundisha alipoanza kazi.

"Hujafungua kompyuta," Ulamila akasema polepole. "Hujauliza nimejaribu nini. Umeshuka kwenye gari na jibu."

"Nimezoea laini hizi."

"Ulizizoea hata siku ile ya sahihi."

Salanieta akatazama miwa.

"Ulijua, wifi?"

Kuna uongo mwingi ambao ungefaa pale. Hakuuchukua hata mmoja; aliendelea kutazama miwa.

Ulamila akafunga kisanduku, akachukua ufunguo, akaenda kupanda gari la mafundi.

Jambo la ajabu ni kwamba hakumwambia mtu. Salanieta alirudi ukumbini akakuta feni zinazunguka na wanawake wanamwimbia. Bi Laisani alimshika mashavu kwa mikono miwili, akambusu, akawaambia watu kwamba huyu tangu mtoto alikuwa na akili za ajabu. Jumatatu Bwana Hemant akamwita ofisini, akasema amefikiri tena kuhusu Suva, kazi inahitaji mtu mzima, aende yeye Salanieta. Kila alichokuwa anakitaka alikuwa amekipata ndani ya siku mbili.

Ila Ulamila aliacha utani. Hakununa, hakujibu vibaya. Asubuhi alisema, "Habari za asubuhi, Mhandisi Salanieta," kwa adabu kamili, kama anavyosalimiwa mgeni kutoka makao makuu. Salanieta alipomchokoza kuhusu viatu vyake, alijibu, "Asante, nitavibadilisha," akaendelea na kazi. Mchana alikuwa anataniana na dada wa mapokezi, na Salanieta kupitia ukuta wa kioo alimwonea wivu dada wa mapokezi.

Apenisa alikuja kwake Jumatano jioni, akasimama mlangoni. "Dada, mmegombana?"

"Amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Ndiyo maana nauliza."

"Nenda nyumbani, Apenisa."

Asubuhi yake Salanieta aliingia kwa Bwana Hemant hata kabla ya kwenda mezani kwake, akamweleza yote, ameshika mkoba begani kama mtu asiyekusudia kukaa. Bwana Hemant alivua miwani.

"Uliona, ukatia sahihi."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Siyo mgeni wewe. Zahanati iko kwenye laini hiyo."

"Kwa sababu ilikuwa yake," Salanieta akasema. "Na ilikuwa nzuri."

Bwana Hemant akairudisha miwani usoni. Alikuwa na kaka yake mwenye duka kubwa mjini, na sote tulijua hawasemezani, pengine ndiyo maana hakufoka. Alimwondoa kwenye kazi ya ukaguzi kwa muda usiojulikana, na Suva akairudisha kwa Ulamila. Sababu haikutangazwa, lakini ofisi ni ndogo, na Jumapili habari ilikuwa imefika kwenye veranda ya Apenisa.

Bi Laisani alikwenda kwa Salanieta peke yake, kwa teksi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakukubali chai.

"Kama ulitaka nirudi," akasema, "ungeniambia rudi."

"Ungerudi?"

Mama yake akafikiri kwa uaminifu. "Hapana. Pale nacheka. Hapa tulikuwa tunasikilizana tu tukipumua, mimi na wewe." Akainuka. "Lakini ningejua."

Kabla ya safari, Ulamila alikuja mezani kwa Salanieta na daftari. Alitaka kujua umeme unapanda kiasi gani laini za huku zikirudishwa baada ya kutwa nzima, na unachukua muda gani kutulia. Salanieta alimpa yote aliyokuwa anayajua, ya kila kimbunga, na mengine ambayo hakuulizwa. Walifanya kazi hadi jioni, vichwa vimekaribiana juu ya karatasi, na hakuna aliyesema neno lisilo la umeme.

Siku ya mkutano tulijazana mbele ya kompyuta ya Bwana Hemant kumtazama. Alizungumza vizuri. Alionyesha modeli, akaonyesha pia Jumamosi ile ya Nadrala, akasema, "Hapa nilikosea," akaeleza kosa na dawa yake. Hakumtaja mtu. Ukumbi wa Suva ulimpigia makofi, na watu wa Tonga na Samoa wakaanza kunyoosha mikono kuuliza maswali.

Salanieta alisimama nyuma yetu, ameegemea kabati. Alihisi kile kitu kimembana kifuani, kile kile, hakijapungua hata kidogo.

"Hupigi makofi?" Poasa akamwuliza.

Akapiga.

Kisha akarudi mezani kwake. Kulikuwa na modeli ya pili, laini ya pwani, ambayo Ulamila alikuwa ameiacha nusu, na Salanieta, ingawa hakuruhusiwa kuikagua, alikuwa ameifungua kuiangalia. Fyuzi ya kisima ilikuwa imewekwa ndogo kuliko ile iliyopo kweli juu ya nguzo. Aliandika ujumbe mfupi, namba ya nguzo, fyuzi iliyopo, fyuzi iliyomo kwenye modeli. Akautuma upesi, kabla hajapata nafasi ya kukaa nao.

Jibu lilikuja wakati wa chai, kutoka Suva.

"Nimepata. Asante, Mhandisi."